Sura ya Saba: Mémoire Imefika

Laiti Mawazo angeitia simu yake mfukoni asubuhi ile. Lakini aliiacha mezani, karibu na sahani ya mihogo, akatoka uani kuanika nguo, na simu ilipolia baba yake akaibonyeza. Mzee Honoré hakuwa na tabia ya kupekua mambo ya watoto wake, nisimsingizie. Alidhani ni ndugu yake wa Uvira ametuma salamu.

Sauti iliyotoka ilikuwa ya Régis, yule kijana wa Kinindo, tena akicheka.

"Chérie, mémoire imefika! Twalibu ameiweka hii asubuhi, inatembea muzuri sana. Sasa tunabakiza carte tu. Kuya mangaribi tuangalie pamoja."

Sasa, katika nyumba ile ya mtaa wa Kinama, Bujumbura, neno mémoire lilikuwa na maana moja tu. Tangu siku Régis alipokanyaga sebule yake kwa mara ya kwanza, Mzee Honoré alimwambia waziwazi kwamba binti yake haolewi na mwanafunzi. Aandike mémoire yake, kile kitabu cha mwisho cha chuo kikuu, akitetee mbele ya maprofesa, ndipo waje wazungumze. Na carte je? Carte ni za mwaliko wa harusi, zile za kung'aa zenye majina mawili na utepe. Kuna carte gani nyingine duniani ya kumchekesha kijana aliyechumbia?

Mawazo aliporudi ndani na beseni tupu alimkuta baba yake amesimama katikati ya chumba, machozi yakimlengalenga.

"Mama, kuya hapa," alimwambia, kwa maana ndivyo alivyomwita binti yake akiwa na furaha. "Mungu iko! Muchumba wako amemaliza mémoire. Mumebakiza macarte tu."

"Papa, nani amekwambia?"

"Yeye mwenyewe, kwa kinywa yake! Nimeshapigia watu ya Uvira. Nimeambia na pasteri. Siku ya yenga, Jumapili hii, kisha misa, bakuye na familia yake hapa tuongee sawa watu." Akashusha sauti kwa heshima. "Na ule Twalibu, njo professeur wake?"

Mawazo alifungua kinywa. Alimjua Twalibu vizuri: fundi wa kompyuta wa Buyenzi. Mémoire iliyofika ilikuwa kipande cha kumbukumbu cha urefu wa kidole, cha kupachika ndani ya mashine. Carte ilikuwa carte graphique, kile kifaa kinachochora picha kwenye kioo. Na vyote hivyo vilikuwa vya mchezo wa Régis wa kurusha ndege.

"Anamusaidiaka, papa," alisema.

Nusu uongo ni uongo mzima uliovaa nguo ya kanisani. Lakini tangu walipovuka mpaka kuingia Burundi bila mama yake, Mawazo alikuwa hajamwona baba yake akicheka hadi magego yakaonekana. Asubuhi ile aliyaona, na hakuwa na moyo wa kuyafunika.

Jioni hiyo mabasi yalikuwa machache kwa sababu ya uhaba wa essence, yaani petroli, hivyo Régis akaja kumchukua mjini kwa gari la dada yake Jovithe. Alipoliona tabasamu lake nyuma ya usukani, Mawazo alijilaumu. Alikuwa amepanga maneno makali njia nzima, na tabasamu moja likayatawanya. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wake kwa mwanaume huyu: alimkasirikia akiwa mbali, akamsamehe akiwa karibu.

Régis alizungumza kuhusu ndege toka mjini hadi Kinindo. Alipokata kona kuingia lango la nyumba, ubavu wa kushoto wa gari ukaikwaruza nguzo ya saruji, kriiii, mpaka Mawazo akasaga meno.

"Hii poteau, nani aliisogeza?" Régis alitania.

Mawazo akacheka. Baadaye kicheko hicho kilimuuma.

Barazani aliketi Tonton Aloys, mjomba wa Régis upande wa mama, redio ndogo mapajani. Mzee huyu alikuwa haoni kabisa. Ukoo mzima ulisema alilogwa na watu wa kilimani kwao, wenye wivu na shamba lake la migomba, na hadithi hiyo ilikuwa imesimuliwa mara nyingi hivi kwamba hakuna aliyewahi kuiuliza swali.

"Huyo ni Mawazo," mzee alisema. "Namujua na vyenye anatembeaka."

"Jambo, tonton."

"Jambo, mutoto wangu. Régis, gari imelia nini?"

"Kidogo tu, tonton. Nimegusa mulango."

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

Tonton Aloys alipapasa kitufe. Aliongeza sauti ya redio, wao wakaingia ndani.

Chumba cha Régis kilikuwa na kitanda, picha ya Bikira Maria, na meza iliyobeba mashine na kioo kikubwa. Mbele ya kiti palikuwa na usukani wa ndege wa plastiki, na sakafuni vikanyagio viwili alivyovitengeneza mwenyewe kwa mbao. Kompyuta ya mkononi, ile ya chuo, ilikuwa imefungwa juu ya kabati, na vumbi limeanza kuizoea.

"Régis, papa alisikia message yako," Mawazo alisema kabla hajaketi. "Anazani umemaliza mémoire. Anazani carte ni za ndoa."

Régis alimtazama, kisha akaangua kicheko cha kumtoa machozi. "Mungu wangu! Na Twalibu ni nani? Pasteri?"

"Professeur."

Alicheka tena, lakini aliona anacheka peke yake.

"Ameita watu, Régis. Siku ya yenga bote banangojea familia yako. Papa amelia ya furaha. Mi nilikosa maneno."

"Basi umwambie ni mémoire ya mashine."

"Apana. We njo utamwambia." Akamtazama usoni. "Na ile mémoire ya kweli? Imefika wapi?"

Mawazo alipata jibu kabla ya kuambiwa. Régis alikuna kidevu, akatazama vidole vyake.

"Siyaifungua tangu mvua ianze."

"Kwa nini? Uliniambia unabakiza chapitre moja!"

"Inanichosha. Nikisoma mustari moja, ule mwingine unanipotea. Kichwa inaniuma. Lakini hapa..." Aliweka kiganja juu ya mashine kwa upole ambao Mawazo aliuonea wivu. "Hapa mi ni mutu, Mawazo. Ile shule ya marubani ya Ethiopia imejibu. Banataka vipimo ya afya, halafu banatujaribu ku simulateur, mashine kama hii. Papa yako anataka mutu wa karatasi. Mi nataka nikuye kwake na kofia ya rubani, aseme, kumbe nilikawia kumupa binti yangu!"

"Na hii carte unaitoa wapi?"

Hapo ndipo alipokwepa. Alijishughulisha na waya usiokuwa na kosa.

"Twalibu ameipachika hii muchana, ameniachia mpaka kesho, nijaribu. Nikiipenda, tunabadilisha. Mi nachukua carte, yeye anachukua laptop."

"Laptop yenye kitabu yako iko ndani?"

"Naweza kuandika tena..."

"Chapitre zote, Régis? Kwa sababu ya mchezo?"

"Si mchezo!" Alipandisha sauti, kisha akaishusha na kumshika mabega. "Sikia. Mashine yangu imezeeka. Picha ilikuwa inakatika-katika. Mémoire imetengeneza hiyo. Lakini bado kuko giza pembeni na ukungu mbele. Uwanja siuoni mpaka nimeshaufikia. Na picha ya hivi sitapita hata siku moja. Twalibu anasema ni carte tu."

Twalibu alikuwa na carte ya kuuza. Angesema nini kingine?

"Njo maana nimekuita," Régis aliendelea. "We utaamua. Angalia na macho yako. Ukisema hii carte haina kazi, kesho namurudishia Twalibu, nafungua laptop, naandika mpaka mwisho. Nakuapia mu jina ya mama yangu."

Basi yote yakawa mikononi mwa Mawazo. Neno moja lake, na furaha ya baba yake ingekuwa uongo wa muda tu. Jumapili ingeahirishwa, kitabu kingeandikwa, harusi ingekuja. Alikuwa tayari kulisema hata kabla ya kioo kuwaka. Ndiyo, alikusudia kudanganya, na mimi simlaumu. Mapenzi yana haki zake.

Régis aliketi, akamvutia kiti upande wake wa kushoto. Mashine ilivuma. Kioo kikafunguka, na Mawazo akashika mdomo.

Ulikuwa uwanja wa ndege wa Bujumbura wenyewe, na jua la jioni. Régis alisukuma mtambo, ndege ikakimbia, ikanyanyuka, na mara mji ukalala chini yao. Mawazo aliziona paa za bati, moja moja. Aliiona bandari na matangi yake, barabara ya kuelekea Kinindo, mitende ya ufukweni. Mbele lilitandazwa Tanganyika, bluu tupu, na mitumbwi imeshonwa juu yake. Na kulia, ng'ambo, milima ilisimama wima, na chini ya milima, nyembamba ukingoni mwa maji, palikuwa kwao. Uvira. Hakuwa amepaona tangu walipopakimbia. Machozi yalimtoka bila ruhusa.

"Régis, ni muzuri," alinong'ona. "Ni muzuri sana." Na ule uongo alioukusudia ukamtoroka.

Régis alipiga meza kwa kiganja. "Unaona? Bado! Hata na hii! Giza ile ile. Ukungu ule ule."

Mawazo alidhani anatania.

"Ukungu gani?"

"Si huu, pembeni yote! Naona katikati tu. Twalibu ameniletea carte ya ovyo."

"Na Uvira unaiona?"

"Wapi?"

"Hapo. Ku mukono ya kuume."

Régis aligeuza kichwa chote, kama kuku anayetafuta punje, akapapasa kioo kwa macho, akapita juu ya mji mzima, akarudi, akapita tena.

"Aah," alisema mwishowe. "Kumbe iko. Nilizani ni kivuli."

Mawazo aliacha kukitazama kioo. Alimtazama yule kijana wake mzuri, shingo iliyonyooka, midomo inayopenda kucheka, macho makubwa meusi ambayo wasichana wa kwaya waliyasema nyuma ya mgongo wake. Macho yalikuwa safi. Hayakuwa na wekundu wala utando. Lakini sasa mambo yalimjia yenyewe, moja likamvuta mwenzake. Nguzo ya lango. Mistari inayopotea. Glasi alizoziangusha kwenye harusi ya rafiki yao Benite, watu wakasema amelewa, na hakuwa ameonja kitu. Na zile jioni walipotembea, alipomwambia kila mara, tangulia, chérie, kisha akaweka kiganja begani mwake. Mawazo aliwaringia wenzake: wangu hataki nitoke mikononi mwake hata hatua moja. Kumbe mwenzake alikuwa akifuata njia.

Na lile swali la Tonton Aloys. Upande gani?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu asiyejua kwamba anaumwa, wala juu ya mwanamke anayepaswa kumwambia.

"Rudisha carte," Mawazo alisema.

Régis alitulia. "Kwa sababu ya papa yako?"

"Apana. Mashine haina ubaya."

"Haina ubaya na mi sioni kitu?"

"Mi naona, Régis." Sauti ilimtetemeka. "Naona yote. Naona mitumbwi. Naona mabati ya jirani yenu, ile ya kijani. Uvira naiona mpaka barabara. Hakuna ukungu. Hakuna giza. Picha iko wazi."

Ndege iliendelea kwenda peke yake juu ya ziwa. Régis hakugeuka.

"Unasema nini?"

"Nasema hata ukiongeza carte kumi haitabadilika. Si mashine, chéri. Ni macho. Twende kwa munganga wa macho. Kesho. Tutaenda wawili."

"Macho yangu ni mazima!"

"Gari uliigonga."

"Kila mutu anagonga gari!"

"Tonton naye alianza..."

"Tonton walimuloga!" Alisimama kwa ghafla, kiti kikaanguka. "Usiingize tonton hapa! Kila mutu anajua walimuloga. Tonton!" aliita kuelekea barazani, sauti kubwa ya mtoto anayetaka kutetewa. "Tonton, si walikuloga? Mwambie!"

Redio ya barazani ilizimwa. Walisubiri. Tonton Aloys alikuwa pale, walimsikia akikohoa, walisikia kiti chake kikilia. Hakujibu.

Régis aliinua kiti taratibu, akakikalia tena. Uso wake ulikuwa umepauka. Alipozungumza, alizungumza na kioo.

"Papa yako amekutuma."

"Régis!"

"Sawa. Kama hakukutuma, utamupelekea habari nzuri. Mwambie mémoire haiko. Mwambie hakuna carte, hakuna ndoa, alikuwa anataka kuoza mutoto wake kwa kipofu."

"Sikusema ile neno."

"We hukuisema. Mi nimeisema." Alishika usukani wa plastiki kwa mikono yote miwili. "Unajua nini utanifanya na munganga wako? Ataandika karatasi, na ile shule itaniweka pembeni. Mi ni nani kisha hapo? Nitakaa barazani na redio? Nitakuzalia batoto ba kugonga milango?"

"Mi nitakaa pale pamoja na we."

"Unasema vile leo. Uko na miaka ishirini na nne." Alikuwa akilia sasa, bila kujificha, kama mwanaume anayejua hana la kupoteza. "Nenda, Mawazo. Utaenda tu, leo ama mwaka ujao. Papa yako atakulazimisha, ama utachoka. Afazali uende sasa, wakati mi naona bado sura yako."

Simu ya Mawazo ilianza kutetema kwenye mkoba. Alijua ni baba yake, anauliza Régis atakuja na wazee wangapi, anauliza kama wanakunywa bia au Fanta. Akaiacha iteteme. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema, na hakuna lililofaa. Angesema nakupenda, lingesikika kama huruma. Angenyamaza, ingekuwa kama anakubali. Angempigia magoti, angekataa kwa kiburi, kwa maana alikijua kiburi chake na alikipenda.

Basi akaufunga mkoba. Alisimama, akasogea karibu kabisa na kiti chake, akanyoosha mkono, kiganja juu. Si mkono wa kuagana. Ulikuwa wa kusema, nishike, tuondoke hapa, tutafute njia nyingine tukiwa wawili.

Régis hakuushika. Alikaa vilevile, uso mbele.

Mawazo alingoja. Aliona aibu ikimpanda, kisha hasira. Basi amenikataa, aliwaza. Hata mkono ameukataa. Kwenye kioo ndege ilikuwa imeanza kushuka yenyewe, sauti ya mashine ikionya, maji yakikua, na rubani hakuigusa. Maji yalijaza kioo chote, kisha kila kitu kikasimama.

Régis aliuachia usukani.

"Mawazo?" Régis aliita. Sauti yake ilikuwa ndogo. Aliita kuelekea mlangoni. "Umeshaenda? Hata mukono hukunipa?"

Mkono ulikuwa pale. Ulikuwa upande wake wa kushoto, shubiri moja kutoka shavuni mwake, na ulikuwa umeanza kuchoka kwa kunyooshwa. Mawazo alijaribu kumjibu, akatoa kwikwi tu.

Régis alishtuka kwa jinsi kilio kile kilivyokuwa karibu. Aligeuza kichwa, kwanza kidogo, halafu chote, mpaka mkono ukaingia mahali alipobaki akiona. Aliutazama. Akatazama vidole vitano vilivyofunguka, akapanda na mkono hadi bega, na kutoka bega hadi uso uliolowa wa mwanamke ambaye hakuwa ameenda popote.

Mawazo alimwona akielewa. Aliona hofu ikiingia katika macho yale mazuri na kukaa humo, na alijua haitatoka tena maisha yao yote.

"Iko hapa tangu zamani?" Régis aliuliza.

"Ndiyo," alisema Mawazo.